Giligilani Haikuwa na Mwiko

Mwanangu Zuhura,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Nawe bado hujafika mbali. Uko hapo Mtunda, umekwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu hakuachii mpaka umekula mara mbili na kulia mara moja. Kwa hiyo ninayo alasiri nzima ya kuandika, na hofu na mashaka ninayo papa hapa mkekani, kando ya begi lako ambalo zipu yake imegoma kufunga.

Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam, halafu la Mbeya, ukaanze masomo ya famasi. Sikuandikii habari za kufunga chumba, kuvaa sweta wala kuchagua marafiki. Hayo utakuwa umeshaambiwa huko huko Mtunda, na kama shangazi yako amesahau moja atakupigia simu ukiwa Chalinze. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja lenyewe silielewi vizuri. Nimeanza kuliandika mara tatu nikachana karatasi. Hii ya nne naimaliza, hata ikitoka kombo.

Nianze na nilichokiona. Jana asubuhi nilinyanyua kopo la chumvi jikoni nikakuta chini yake karatasi mbili. Ya kwanza ni kadi ya kliniki ya mama yako. Hiyo niliiweka mwenyewe miaka mitano iliyopita, maana sikuweza kuitupa wala kuitazama. Ya pili ilikuwa mpya. Ni barua ya rufaa uliyopewa na daktari hapa Kibiti siku tuliyopeleka fomu yako ya afya ya chuo, ile ya kwenda nayo kwenye hospitali kubwa ya Mbeya. Umeikunja mara nne, ukaiweka juu ya kadi ya mama yako, ukarudisha kopo.

Leo nikaja kukutilia chupa ya chai kwenye begi, kama ulivyoniomba, nikaona kifurushi cha giligilani iliyokaushwa. Nilikitambua kwa fundo, kwa sababu nilikifunga mwenyewe kwa kamba ya mgomba. Uliniambia, "Baba, nianikie giligilani, huko Mbeya sijui kama ipo, nataka mchuzi wangu unuke kama wa nyumbani." Nikaianika kwenye ungo, kivulini, siku nne, nikiigeuza na kujisifu moyoni kwamba nimezaa mtoto asiyesahau kwao. Kumbe ni mimi niliyekuwa nasahau. Nilisahau lile sufuria dogo linalonuka giligilani kila asubuhi tangu majibu yako ya vipimo yatoke, nawe hujapika mchuzi wowote.

Basi nikakaa chini. Barua ya daktari inabaki Kibiti, majani yanakwenda Mbeya. Mwanangu, safari hiyo naijua. Niliipanga mimi mara ya kwanza.

Ulikuwa kidato cha pili. Mama yako alianza kushika ubavu wake wa kulia wakati tunavuna ufuta, tukasema ni uchovu. Halafu macho yakawa ya manjano, tukasema ni malaria. Alipoanza kukonda huku tumbo linakua ndipo tukakoma kusema. Hospitali wakampiga picha ya tumbo, na daktari akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kwenye ini kuna uvimbe, kwamba anahofia ni saratani, na kwamba twende Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa wakahakikishe na kuona kipi kinawezekana. Akatuandikia siku kwenye kadi, Jumatatu ya wiki iliyofuata. Mama yako aliipokea ile kadi kwa mikono miwili, akaitia kwenye mkoba wake.

Jumatano yake jioni wewe ulikuwa umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi, simu ya mama yako umeilaza pajani. Ukaacha kukuna. Ukasoma kwa sauti: wanasayansi wamegundua kwamba giligilani inaua chembe za saratani ya ini. Ulisoma mara mbili. Mimi na mama yako tukatazamana, halafu wote watatu tukageuza shingo kutazama nje, kwenye matuta yangu. Kulikuwa na matuta manne ya giligilani pale, kijani kibichi, yanangoja kupelekwa sokoni kesho yake.

Mama yako akacheka. Akasema, "Basi mie ningeugua vipi, baba Zuhura, nami nimeila miaka yote?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa nyumbani humu, na sisi tulilichukulia kuwa ni utani.

Sasa hapa inabidi nikueleze habari za babu yako, baba yangu, ambaye hukumkuta. Alikuwa mtu wa majani kule Ngarambe. Watu walikuja kwake kwa miguu, wengine wamebebwa, na mimi nilikuwa mbeba mkoba wake. Dawa zake zilikuwa na sheria. Jani la dawa huchumwa kabla ya jua, na mchumaji hasemi na mtu. Hunywewa siku saba bila kukatika. Anayeinywa haruhusiwi kuchanganya na dawa ya mtu mwingine, na hasa hachomwi sindano, kwa sababu sindano inaiua dawa mwilini. Na ukipewa, husemi asante. Hiyo ndiyo miiko, na babu yako alisema dawa isiyo na mwiko ni mboga.

Nilikulia ndani ya maneno hayo. Nilidhani nimeyaacha Ngarambe nilipokuja Mtawanya kulima bustani. Kumbe yalikuja nami.

Maana asubuhi ya Alhamisi niliamka kabla ya adhana, nikaenda kwenye matuta yangu kimya kimya. Jirani alinisalimu, sikumwitikia, mpaka leo anadhani nilimnunia. Nikachuma giligilani ile ile ambayo kila siku naimwagilia huku napiga mluzi, ile ninayofunga mafungu na kuwatupia wateja kwenye vikapu. Nikaichemsha. Nikampa mama yako kikombe, na alipotaka kusema asante nikamziba mdomo kwa kiganja. Alicheka tena, lakini akanywa.

Zuhura, jambo hili nimelizungusha kichwani miaka mitano na bado linanitia kizunguzungu. Giligilani tuliila kwenye mchuzi wa samaki, kwenye kachumbari, kwenye supu ya Ijumaa. Mama yako aliila huku anameza vidonge vya malaria, aliila siku ya chanjo, aliila akiwa na mimba yako, na haikuwa na mwiko. Siku tulipoiita dawa ndipo ikapata mwiko. Jani halikubadilika. Nilibadilika mimi.

Ikafika Jumatatu. Wewe ulikwenda shule, kwa hiyo hukuyaona haya, na mimi sijawahi kukusimulia. Nilitoka bustanini nikamkuta mama yako amekaa kwenye ngazi ya mlango. Ameoga. Amevaa kanga mpya na vile viatu vyeusi nilivyomnunulia Idi, vyenye kifungo pembeni. Mkoba uko mapajani.

Nikamwambia, "Mama Zuhura, mbona umevaa?"

"Si leo Jumatatu?"

"Zimebaki siku mbili dawa itimie. Tukenda leo watakuchoma sindano, itakuwa tumeiua."

Akanitazama. "Dawa ipi? Hii giligilani, baba Zuhura?"

"Sasa ni dawa."

Kuku walipita mbele yetu, naikumbuka hata rangi yao. Halafu akasema, "Haya. Weye ndo mtoto wa mganga." Akainama akafungua kifungo cha kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akavibeba ndani mkononi, pekupeku. Kuinama kulimuuma, nilimwona. Sikumsaidia, kwa sababu nilikuwa na kiburi cha mtu anayedhani anaokoa.

Sikumwuliza anataka nini. Andika hilo mahali, mwanangu, maana ndilo kosa lenyewe. Watu wakisikia hadithi hii husema kosa langu ni giligilani. Hapana. Mama yako alikuwa ameshajibu swali kabla sijamwuliza, alijibu kwa kuoga na kuvaa viatu, na mimi nikamvua jibu lake.

Na sasa sikiliza linalonichanganya. Alipata nafuu. Usiniambie hukuona, uliona. Baada ya zile siku saba alikula ugali akamaliza. Alitwanga. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa jirani na kurudi. Ubavu ulimwacha akalala. Mimi nilitembea hapa Mtawanya kifua mbele, nikaanza siku saba nyingine, kisha nyingine. Tulikwenda Dar es Salaam baadaye sana, tumbo lilipojaa maji na mama yako akaanza kuniita kwa jina la kaka yake. Daktari wa huko alitazama picha, akatazama tarehe kwenye kadi, hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Nikamwuliza, "Daktari, tungekuja ile Jumatatu angepona?"

Akasema, "Mzee, siwezi kukuambia. Uvimbe huenda ulikuwa umeshakuwa mkubwa hata siku ile. Labda tungemwongezea muda. Labda tungempunguzia maumivu tu. Siwezi kukuambia."

Wiki tatu kabla ya Ramadhani tulimzika.

Nilitaka mtu aniambie nimemuua, au aniambie sikumuua. Mimi ni mkulima, nimezoea kuona mbegu imeota au haikuota. Hili lilikataa kuota na likakataa kuoza. Majuto ni mjukuu, ndivyo tunavyosema, lakini mjukuu huwa anajulikana ni wa nani. Haya yangu sijui hata niyaite ya nini. Nimejutia majani? Nimejutia Jumatatu? Au nijutie zile wiki alizokula ugali na kucheka, ambazo pengine hospitalini angezilala kitandani? Kuna siku naamka nikiwa na hakika kabisa, na adhuhuri hakika yenyewe imeshageuka.

Watu nao hawakunisaidia. Baada ya arobaini wakaanza kuja bustanini. "Tupatie ile dawa ya mama Zuhura." Nawaambia mama Zuhura amekufa. Wanasema, "Lakini alipata nafuu, sote tulimwona." Nikamwuliza mmoja, kwa nini unataka dawa ambayo mgonjwa wake yuko kaburini? Akanijibu, "Na hospitali si nako wanakufa?" Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika lile jani analotaka kulikamata. Niliwapa, Zuhura. Wa kwanza na wa pili niliwapa, nikawaambia na miiko. Wa tatu alipokuja na kadi ya hospitali mkononi kama ya mama yako, nikamfukuza kwa jembe. Akaenda kunisema sokoni kwamba nina choyo.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu wako wa baiolojia, Mwalimu Neema, yule mama wa Iringa. Nilimchukulia fungu la giligilani kama zawadi, maana sikujua mtu anakwendaje kwa mwalimu mikono mitupu. Nikamwuliza, "Mwalimu, ile habari ya giligilani na saratani ya ini ni uongo?"

"Si uongo, baba Zuhura," akasema. "Watu wa maabara huyajaribu majani mengi ya jikoni. Huchukua chembe za saratani, huziweka kwenye kisahani, huzimwagia maji ya yale majani, na mara nyingine zinakufa kweli."

"Kumbe ni kweli!"

"Si kweli bado. Kisahani hakina tumbo, hakina damu, hakina figo. Hata sabuni ya kufulia ukiimwaga pale zitakufa. Utamnywesha mgonjwa sabuni?"

"Sasa mwalimu, si uongo, si kweli. Ni nini basi?"

"Ni swali," akasema. "Bado wanauliza."

Halafu akanusa lile fungu, akasema asante, litafaa kwenye nyama. Nilirudi Mtawanya nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Swali! Nilimnywesha mke wangu swali, siku saba mara tatu, na nikalitilia mwiko ili lisichanganyike na jibu.

Nakuandikia haya nikiwa na sababu, si kwa kupenda kujianika. Siku ya fomu tulikaa wote wawili mbele ya daktari. Alisema una virusi vya homa ya ini, ile inayoitwa B, na kwamba huenda ulizaliwa navyo, kutoka kwa mama yako, na kwamba huenda ndivyo vilivyomfikisha mama yako kwenye ule uvimbe. Alisema kwako hakuna uvimbe. Alisema hii si hukumu, watu wanaishi navyo mpaka wanazeeka, ila wanafuatiliwa. Damu inapimwa, ini linatazamwa kila baada ya miezi, na ikifika wakati wa dawa kuna kidonge cha kuvituliza. Nami wakanipima, wakasema virusi nilikutana navyo zamani vikanitoka vyenyewe. Nikauliza ni mimi niliyemletea mama yako au ni yeye aliyeniletea mimi. Daktari akasema haijulikani. Unaona? Kila mlango ninaobisha wananijibu haijulikani.

Bodaboda ilituacha nyumbani, ukasema, "Baba, usijali, nitashughulikia," ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nikasema moyoni, mtoto mkubwa huyu, anaanza famasi, atajua zaidi yangu. Nikakaa kimya. Kuna ile methali ya mficha maradhi, lakini sitaimalizia, kwa sababu aliyefichwa hapa ni mimi na nilikubali kufichwa.

Leo mbele ya begi lako ndipo nikaelewa, au nimedhani nimeelewa. Utanisahihisha. Nadhani unainywa ile giligilani si kwa sababu unaiamini. Wewe una akili kuliko hivyo, Mwalimu Neema mwenyewe alikufundisha. Nadhani unainywa kwa sababu ukienda hospitali Mbeya, ukapimwa, ukapewa kidonge, ukaishi, itakuwa umethibitisha kwamba mama yako naye angeweza kwenda. Na itakuwa yule mtoto aliyesoma ile simu kwenye mbuzi, akasoma mara mbili, ndiye aliyemzuia.

Kama ndivyo, Zuhura, weka hilo chini. Wewe ulisoma ulichokiona. Ulikuwa na miaka kumi na minne na mama yako alikuwa anakonda mbele yako, ulitaka usomeje? Aliyechuma bila kusemesha watu ni mimi. Aliyeweka mwiko ni mimi. Aliyesimama mlangoni siku ya Jumatatu ni mimi. Nimekuachia uubebe mzigo huu miaka mitano kwa kukosa ujasiri wa kukusimulia habari za viatu. Naona aibu, na nakuomba radhi, na sijui kama baba anaruhusiwa kumwomba mwanawe radhi kwa maandishi, lakini usoni pako nisingeweza.

Unaweza kusema, baba, wewe huna hakika na lolote, kwa nini nikusikilize? Ni kweli sina hakika. Sijui kama giligilani ilimpa mama yako zile wiki. Pengine ilimpa. Pengine ilikuwa furaha tu ya kutunzwa, maana sijawahi kumhudumia mama yako maishani kama wiki zile, na hilo nalo ni aibu nyingine. Pengine siku moja wewe mwenyewe na wenzako mtaliuliza lile swali vizuri, na visahani vyenu, na mtapata humo kitu ambacho hata babu yako angekivulia kofia. Nitafurahi. Nitakuletea mbegu hadi Mbeya. Lakini ini lako si kisahani, mama.

Ninachokijua ni kidogo, nacho ni hiki. Kutokujua hakunitaka nichague upande mmoja. Mama yako angeweza kunywa kikombe chake asubuhi na kupanda basi la Dar es Salaam mchana. Angeweza kumwambia daktari, nakunywa majani haya, je yana ubaya? Daktari angesema acha au endelea. Ni mimi niliyejenga ukuta katikati ya jiko na hospitali, nikaulinda kwa jina la marehemu baba yangu, ambaye sikumbuki hata siku moja akimtibu mtu kwa giligilani. Nimejaribu kukumbuka. Kwake ilikuwa mboga.

Basi sasa nikuambie nilichofanya kwenye begi lako, kwa sababu sitaki ukute kitu huko ukadhani nimekulaghai.

Kile kifurushi sikukitoa. Mkono ulikwenda, ukakishika, nikakumbuka mama yako anavyofungua vifungo, nikakirudisha. Sikumwuliza yeye, siwezi kukufanyia wewe yale yale kwa upande wa pili. Ni chako. Kitie kwenye mchuzi, kitie kwenye chai, sina mwiko wa kukupa. Na ukipenda kusema asante, sema.

Kadi ya mama yako nimeirudisha chini ya kopo la chumvi. Hiyo ni yangu, inakaa na mimi.

Zipu ilikataa kufunga kwa sababu nimekutilia vile viatu vyeusi vyenye kifungo pembeni. Nimevitunza juu ya kabati miaka yote hii, nikivifuta vumbi kila Idi, nikijiambia nitampa mtu. Havijawahi kuvaliwa tena tangu siku ile mlangoni. Mguu wako sasa ni mguu wa mama yako, nimeutazama ulipokuwa unavaa ndala zako. Ile barua ya daktari nimeikunjua, nimeinyoosha kwa kiganja, nimeitia ndani ya kiatu cha kulia.

Nakusikia uwanjani, unacheka na mtu, shangazi yako amekubebesha kitu kizito. Naacha hapa. Wewe ndiye utakayechagua siku, si mimi. Siku hiyo ikifika oga, vaa kanga, vaa na viatu hivyo. Kama vitakubana, vumilia mpaka hospitali, kwa sababu mwenyewe alivivaa ili afike.

Baba yako,
wa giligilani